Binamu wa Kaisari: Uchambuzi wa Kuanguka kwa Heinrich Simba, Duki wa Saksonia na Bavaria

Tarehe 13 Aprili 1180, katika mji wa Gelnhausen ulio mashariki ya Frankfurt, makarani wa Kaisari Friedrich wa Kwanza, mtawala wa Ujerumani, yule ambaye Waitalia walimwita Barbarossa kwa sababu ya ndevu zake nyekundu, waliandika hati iliyoigawa Saksonia vipande viwili. Upande wa magharibi, yaani Westfalia, ulikabidhiwa kwa Philipp, Askofu Mkuu wa Köln, na upande wa mashariki akapewa Bernhard wa Anhalt. Aliyekuwa duki wa nchi hiyo kwa miaka 38, Heinrich aliyeitwa Simba, hakuwepo kujitetea. Miezi mitano baadaye Bavaria nayo, iliyokuwa mkononi mwake tangu 1156, ikaenda kwa Otto wa Wittelsbach. Mwisho wa mwaka 1181 mtu huyo alikuwa amepiga magoti mbele ya Kaisari mjini Erfurt, na katikati ya mwaka uliofuata alikuwa njiani kwenda uhamishoni na mke wake na watoto wake.

Ninachotaka kukichambua ni namna mtu aliyekuwa na tawala mbili kubwa, aliyemwoa binti wa mfalme wa Uingereza na ambaye ni binamu wa Kaisari mwenyewe, alivyoweza kuvuliwa vyote hivyo ndani ya miaka miwili mitatu bila hata kushindwa katika vita moja kubwa ya uwanjani. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba alimnyima Kaisari msaada mwaka 1176, na Kaisari akalipiza kisasi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini naliona fupi mno. Heinrich alikuwa na mshirika mmoja tu wa kweli maishani mwake, naye ni huyo Kaisari. Ushirika mwingine wote ama aliutumia kama mali ya kuhesabu, ama aliuvunja kwa mikono yake. Ule mmoja ulipokatika, hapakuwa na mwingine wa kumshika.

Kabla ya kwenda mbali ni lazima maneno mawili yaeleweke. Duki katika Ujerumani ya karne ya 12 alikuwa mkuu wa nchi nzima chini ya mfalme: aliongoza jeshi lake, alisimamia amani na alikaa katika baraza lililomchagua mfalme. Ardhi yake ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na ardhi ya kiapo, aliyokabidhiwa na mfalme kwa sharti la utii na utumishi, na ambayo mfalme angeweza kuirudisha kwa hukumu ya baraza la wakuu. Na kulikuwa na mali ya ukoo, aliyorithi kwa baba na mama, ambayo mfalme hakuwa na haki ya kuigusa ovyo. Udhaifu wa Heinrich ulikuwa katika ile ya kwanza, na kilichomsitiri uzeeni kikawa ile ya pili.

Jambo lingine ni ujamaa, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida, kwa kuwa lugha yetu inataja ndugu kwa mahali pake. Mama yake Friedrich, Judith, alikuwa dada wa baba yake Heinrich. Basi Heinrich alikuwa mtoto wa mjomba kwa Friedrich, na Friedrich alikuwa mtoto wa shangazi kwa Heinrich: binamu kwa maana kamili ya neno. Walitoka katika koo mbili zilizokuwa zikigombea taji, Friedrich ukoo wa Hohenstaufen na Heinrich ukoo wa Welf, na Judith ndiye aliyekuwa daraja kati yao. Wakuu walipomchagua Friedrich kuwa mfalme mjini Frankfurt mwezi Machi 1152, damu hiyo ya pande mbili ilihesabiwa kuwa sababu mojawapo ya kumchagua, ili ugomvi wa koo hizo ufike mwisho.

Ugomvi wenyewe ulikuwa umemkuta Heinrich angali mtoto mdogo. Babu yake mzaa mama, Kaisari Lothar wa Tatu, alikufa Desemba 1137 akiwa na mtoto mmoja tu, Gertrud, mama yake Heinrich. Baba yake, Heinrich Mwenye Fahari, alikuwa duki wa Bavaria na wa Saksonia kwa pamoja, na kila mtu alitegemea taji liende kwake. Wakuu waliuogopa ukubwa huo, wakamchagua Konrad wa Hohenstaufen, na Konrad akamnyang'anya mpinzani wake tawala zote mbili. Baba akafa Oktoba 1139 vita ikiendelea. Waliomshikia mtoto haki yake ni wanawake wawili, nyanya yake Richenza na mama yake Gertrud, na bila wao pengine tusingelisikia jina lake. Mwaka 1142 ilifanywa suluhu mjini Frankfurt: kijana akapewa Saksonia, na mama yake akaolewa na Heinrich Jasomirgott wa ukoo wa Babenberg, ambaye mwaka 1143 alikabidhiwa Bavaria. Gertrud alifariki mwaka huohuo wa 1143. Kijana akabaki na nusu ya haki ya baba yake, na ile nusu nyingine ikawa mikononi mwa baba yake wa kambo.

Nadhani somo alilolipata katika miaka hiyo lilimkaa moyoni hadi mwisho, kwamba haki isiyoshikwa kwa nguvu hupotea. Kijana akiwa bado hajafika mbali kwa umri, mwaka 1144, kabaila Rudolf wa Stade aliuawa na wakulima wa Dithmarschen bila kuacha mtoto. Ndugu yake Hartwig, aliyekuwa mtu wa kanisa, alikubaliana na Askofu Mkuu wa Bremen kwamba urithi huo uende kanisani. Heinrich akadai ni wake. Lilipokaa baraza la usuluhishi huko Ramelsloh mwaka 1145, watu wa duki walivuta silaha palepale barazani, wakawakamata Askofu Mkuu na Hartwig pia, na hawakuwaachia mpaka Stade ilipokuwa mkononi mwake. Hartwig huyohuyo baadaye akawa Askofu Mkuu wa Bremen, akaishi miaka ishirini na zaidi jirani na mtu aliyemfunga. Mchambuzi yeyote wa kisa hiki anapaswa kuanza kuhesabu madeni tangu siku hiyo ya Ramelsloh.

Friedrich alipopata taji, mambo ya Heinrich yalinyooka. Mwaka 1154 baraza la Goslar lilimpa haki ya Bavaria, na katika mwaka huo akapata jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa la mfalme peke yake, yaani haki ya kuwasimika maaskofu katika nchi za ng'ambo ya mto Elbe. Tarehe 18 Juni 1155, siku Friedrich alipovikwa taji la ukaisari Roma, Warumi walipoasi na kuishambulia kambi ya Wajerumani, Heinrich alikuwa miongoni mwa waliopigana kwa bidii kumlinda.

Kilichobaki kilikuwa kuitoa Bavaria mikononi mwa Jasomirgott bila kumfedhehesha, kwa sababu huyo naye alikuwa baba mdogo wa Friedrich, ndugu wa baba yake kwa mama. Kaisari alisimama kati ya baba mdogo na binamu. Mnamo Septemba 1156, nje ya mji wa Regensburg, mambo yakamalizwa kwa bendera. Jasomirgott alimrudishia Kaisari bendera saba zilizowakilisha Bavaria. Kaisari akamkabidhi Heinrich. Heinrich akarudisha mbili kati yake, za nchi ya mpakani upande wa mashariki. Na kwa hizo mbili Kaisari akaifanya Austria kuwa utawala kamili wa duki na kumpa Jasomirgott pamoja na mke wake Theodora, na haki ambazo duki mwingine hakuwa nazo. Hakuna aliyetoka pale mikono mitupu. Nalitaja kwa kirefu kwa sababu linaonyesha ustadi ambao Friedrich alikuwa nao na ambao Heinrich hakujifunza: aliyeshindwa alipewa kitu cha kuondoka nacho.

Tazama jinsi Heinrich alivyofanya alipokuwa yeye mwenye nguvu. Chumvi ya Reichenhall ilivuka mto Isar kwenye daraja la Föhring, na ushuru wake ulikuwa wa Askofu Otto wa Freising. Heinrich alilibomoa daraja hilo, akahamisha njia ya chumvi kilomita chache kusini, kwenye kijiji ambacho leo ni jiji la München, akaweka huko soko na kinu cha kupigia sarafu. Otto alikwenda kulalamika kwa Kaisari, naye Otto alikuwa baba mdogo mwingine wa Kaisari. Hukumu ya Augsburg ya tarehe 14 Juni 1158 ilimwachia Heinrich soko lake, na askofu akapewa theluthi ya mapato. Watu wa München hadi leo wanahesabu umri wa jiji lao kuanzia siku ya hukumu hiyo.

Lübeck ni kisa kilekile upande wa bahari. Mji huo ulianzishwa mwaka 1143 na kabaila Adolf wa Pili wa Holstein, aliyekuwa chini ya Heinrich kwa kiapo. Ulipostawi, Heinrich alimtaka Adolf amgawie nusu, Adolf alikataa, Heinrich akafunga soko la Lübeck isipokuwa kwa vyakula, akisema linaliua soko lake la Bardowick. Mji uliungua mwaka 1157, wafanyabiashara wakahama, na Heinrich akajaribu kuwajengea mji wake karibu na hapo, lakini mto wake haukuweza kupokea merikebu kubwa. Mwaka 1159 Adolf akaachia. Lazima tuseme kwa haki kwamba kilichofuata kilikuwa kazi ya mtu mwenye kuona mbali: Heinrich aliujenga mji upya, akatuma wajumbe Denmark, Sweden, Norwei na Urusi kuwaalika wafanyabiashara, mwaka 1160 akahamishia huko kiti cha askofu, na mwaka 1161 akawapatanisha Wajerumani na wafanyabiashara wa kisiwa cha Gotland kwa hati ya haki sawa. Biashara ya bahari ya Baltiki kwa karne tatu zilizofuata ilikuja kuzunguka bandari hiyo.

Ng'ambo ya Elbe waliishi Waslavi wa Obodriti, na huko alitumia upanga. Mwaka 1160 mkuu wao Niklot aliuawa na Heinrich akaijenga Schwerin. Watoto wa Niklot waliasi, na mwaka 1164, katika vita ya Verchen, Adolf wa Holstein, yuleyule aliyenyang'anywa Lübeck, alikufa akipigana upande wa Heinrich. Baadaye ndipo duki aliporudisha sehemu kubwa ya nchi kwa Pribislav, mwana wa Niklot, na binti yake wa nje ya ndoa akaolewa na mwana wa Pribislav. Hapo aliweza kumpa adui kitu cha kuondoka nacho. Na inafaa kutambua kwamba alifanya hivyo mwaka 1167, wakati majirani zake Wasaksoni walipomzunguka na alihitaji utulivu upande wa mashariki.

Karibu na wakati huo, mbele ya ngome yake ya Dankwarderode mjini Braunschweig, alisimamisha simba wa shaba nyeusi. Simba huyo wa asili bado yupo, ndani ya ngome, na nakala yake imesimama uwanjani. Ana uzito wa takriban kilo 880. Amekaza miguu yote minne, manyoya ya shingo yamepangwa kwa mafundo madogomadogo kama magamba, na kinywa kimefunguka kuelekea mashariki. Tangu mafundi wa Kiroma wa zamani, hakuna sanamu kubwa ya namna hiyo, yenye kusimama peke yake uwanjani, iliyokuwa imetengenezwa upande wa kaskazini wa milima ya Alpi. Mwenye kuitazama wakati ule hakuhitaji kuambiwa ni nani anayetawala hapa, na maaskofu na makabaila waliopita kwenye uwanja huo waliielewa vizuri.

Walikuwa wamekwisha kuelewa. Mwaka 1166, Friedrich akiwa anaelekea Italia, Wichmann Askofu Mkuu wa Magdeburg, Albrecht Dubu mkuu wa mpaka wa Brandenburg, Ludwig wa Thuringia na wengine wengi waliungana dhidi ya Heinrich, na mwaka uliofuata akajiunga hata Rainald wa Dassel, Askofu Mkuu wa Köln, ambaye alikuwa mshauri mkuu wa Kaisari. Vita ilidumu miaka kadhaa. Kilichoizima ni Friedrich, aliyerudi mwaka 1168, akawaita wote barazani mara baada ya mara, na akamwacha Heinrich na kila kitu chake. Kwa Heinrich ilionekana kuwa ushindi. Kwa mtazamo wa kesi hii, ndiyo hati ya kwanza ya mashitaka: orodha ya waliomkabili mwaka 1166 ni karibu ileile ya walioketi kumhukumu mwaka 1180, wakiwa wenyewe, wana wao au warithi wa viti vyao. Bernhard wa Anhalt aliyepewa Saksonia alikuwa mwana wa Albrecht Dubu.

Nini kuhusu ndoa, ambazo kwa kawaida ndizo kamba za ushirika? Heinrich alimwoa kwanza Clementia wa ukoo wa Zähringen, maadui wa Hohenstaufen kule kusini-magharibi. Mwaka 1158 alibadilishana na Friedrich mali ya Badenweiler, iliyokuja na mke huyo, akachukua ngome na mashamba karibu na milima ya Harz. Mwaka 1162 ndoa ilibatilishwa kwa hoja ya ujamaa wa damu, jambo lililompendeza Kaisari, na ushirika na Zähringen ukafa hapo. Mke wa pili alitafutwa na Kaisari: mwaka 1165 Rainald wa Dassel alikwenda Rouen kuzungumza na Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza, na tarehe 1 Februari 1168 Heinrich, mtu wa makamo, alifunga ndoa mjini Minden na Matilda, mtoto wa miaka kumi na moja. Binti yake Gertrud aliolewa kwanza na Friedrich wa Swabia, mtoto wa baba mdogo wa Kaisari, na alipofiwa akaozwa kwa Knud, mwana wa Mfalme Valdemar wa Denmark. Kwenye karatasi, huo ni mtandao wa kutisha. Lakini kila ndoa kati ya hizo ama ilitokana na haja za Kaisari, ama ilitegemea kwamba Kaisari anaridhika.

Kosa ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote lilitokea ndani ya ukoo wenyewe. Welf wa Sita alikuwa baba mdogo wa Heinrich na, kwa hiyo, mjomba wa Friedrich. Mwanawe wa pekee alikufa mwaka 1167 kwa maradhi yaliyoliangamiza jeshi la Kaisari karibu na Roma. Mzee huyo alipenda sherehe, ukarimu na wageni, na fedha zilimwishia. Aliahidi kumwachia Heinrich urithi wake wa Swabia, yaani chimbuko la ukoo wa Welf, kwa kiasi cha fedha. Heinrich alikubali bei kisha akachelewa kulipa, akidhani mzee atakufa upesi na mali itamfikia bure. Welf alikasirika, akamgeukia mtoto wa dada yake. Friedrich alilipa, na mashamba ya mababu wa Welf yakawa ya Hohenstaufen. Mzee aliishi hadi 1191. Sioni mfano mwingine unaoeleza tabia ya Heinrich kwa uwazi kama huu: alimwona baba yake mdogo kama deni linaloweza kusubiri.

Mwaka 1172 alikwenda Yerusalemu kuhiji, akapita Konstantinopoli kwa Manuel, Kaisari wa Bizanti, na wakati wa kurudi akapokewa kwa heshima na Sultani Kilij Arslan wa Pili wa Waseljuki, aliyempa zawadi nyingi. Alisafiri kama mfalme, na huenda alirudi akijiona hivyo.

Sasa tufike Chiavenna. Mwanzoni mwa 1176 Friedrich alikuwa Italia na jeshi dogo, akikabiliana na miji ya Lombardia iliyoungana dhidi yake. Alimwomba Heinrich askari. Masimulizi ya karibu na zama hizo yanawakutanisha katika mji wa Chiavenna, chini ya milima ya Alpi, na baadhi yake yanasema Kaisari alipiga magoti mbele ya binamu yake. Inasimuliwa kwamba mtumishi mmoja wa duki alimwambia bwana wake aliache taji limlalie miguuni, kwa kuwa siku moja litapanda kichwani. Heinrich alikuwa tayari kusaidia kwa bei: mji wa Goslar, ambao mlima wake wa Rammelsberg ulitoa madini ya fedha yaliyoshibisha hazina ya mfalme. Friedrich alikataa. Tarehe 29 Mei 1176 alishindwa Legnano.

Kisheria Heinrich alikuwa na hoja. Msafara ule haukuwa umepitishwa na baraza la wakuu kwa utaratibu, kwa hiyo kiapo chake hakikumlazimisha kwenda. Bei ya Goslar nayo ilikuwa lugha ya biashara aliyoizoea. Lakini mtu aliyekuwa amelindwa na binamu yake mwaka 1154, 1156, 1158 na 1168 alipoombwa kulipa fadhila, alitaja bei. Hapo ndipo nasema jibu la kawaida lina ukweli ndani yake.

Na bado, ukiisoma hati ya Gelnhausen, Chiavenna haimo. Makosa yaliyotajwa ni kuonea makanisa na kukandamiza uhuru wa wakuu na makabaila, na kudharau mwito wa Kaisari. Walioleta mashitaka walikuwa majirani. Ulrich, askofu wa Halberstadt, aliyefukuzwa kwenye kiti chake mwaka 1160, alirudishwa kwa mkataba wa Venezia wa 1177 kati ya Friedrich na Papa Aleksanda wa Tatu, na mara moja akadai ardhi ya kanisa lake iliyokuwa kwa Heinrich. Mwaka 1178 huko Speyer Heinrich mwenyewe ndiye aliyetangulia kulalamika dhidi ya adui zake, akitegemea kwamba mambo yatakwenda kama ya 1168. Safari hii Friedrich alipokea malalamiko ya pande zote mbili. Tofauti yote kati ya miaka hiyo miwili imo katika kitendo hicho kimoja: Kaisari hakumshambulia, aliacha tu kumkinga.

Aliitwa Worms Januari 1179, hakwenda. Aliitwa Magdeburg mwezi Juni, hakuingia barazani. Dietrich, mkuu wa mpaka wa Lausitz, alimshitaki kwa uhaini na kumtaka kwa pambano la upanga. Arnold, abati wa Lübeck, anasimulia kwamba binamu hao walikutana faragha karibu na Haldensleben, na Kaisari akamwambia alipe marki 5,000 za fedha ili aweze kumwombea suluhu kwa wakuu. Heinrich aliona ni nyingi, akaondoka. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Mlango ulikuwa haujafungwa, na gharama yake ilikuwa ndogo mno kulinganisha na Saksonia na Bavaria. Kesi ikaenda kwa njia mbili, kwanza ya sheria ya nchi iliyomtoa katika ulinzi wa sheria, kisha ya sheria ya kiapo iliyomvua ardhi ya mfalme, na hukumu ikatolewa Würzburg Januari 1180. Friedrich mwenyewe hakubaki na utawala wowote kati ya hizo mbili. Alizigawa kwa waliomsaidia kuhukumu.

Vitani Heinrich hakuwa mnyonge. Halberstadt iliteketea Septemba 1179, na Mei 1180 alimshinda na kumteka Ludwig wa Tatu wa Thuringia huko Weissensee. Kilichomwangusha kilitoka ndani. Aliwataka makabaila wake wamkabidhi mateka wote ili fidia iwe yake. Adolf wa Tatu wa Holstein, mwana wa yule aliyepoteza Lübeck na kisha uhai katika utumishi wa duki, alikataa, kwa kuwa alipigana kwa gharama zake mwenyewe, akamwacha na kuhamia upande wa pili. Kaisari alipotoa muda wa watu kurejea katika utii, walinzi wa ngome za Heinrich, watumishi waliolelewa nyumbani kwake, walianza kuzifungua moja baada ya nyingine. Valdemar wa Denmark, mkwe mwenzake, alileta merikebu mbele ya Lübeck mwaka 1181 kumsaidia Friedrich. Zähringen hawakusogea. Mfalme wa Uingereza alikuwa na moyo wa kusaidia lakini hakuleta jeshi ng'ambo ya bahari.

Wenyeji wa Lübeck peke yao walifanya jambo ambalo hatukulitazamia. Walipozingirwa, walimtuma askofu wao kwa Kaisari kuomba ruhusa ya kwenda kwanza kumuuliza duki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeujenga mji. Kaisari aliwaruhusu. Heinrich, aliyekuwa Stade, akawaruhusu wafungue milango, na Lübeck ikasalimu amri Agosti 1181 ikiwa na haki zake zote.

Novemba mwaka huo, Erfurt, Friedrich alimwinua binamu yake kutoka chini, na Arnold anasema Kaisari alilia. Mali ya ukoo kuzunguka Braunschweig na Lüneburg ilirudishwa, pamoja na sharti la uhamisho wa miaka mitatu. Familia ilikaa Normandia na Uingereza, na mwana wa mwisho, Wilhelm, alizaliwa Winchester mwaka 1184. Mwaka 1189 Friedrich, akijiandaa kwa Vita vya Msalaba, alimtaka Heinrich aondoke tena. Heinrich akaondoka, kisha Matilda alipofariki Juni mwaka huo akarudi bila ruhusa na kuibomoa Bardowick, mji uliokuwa umemkana. Friedrich alikufa maji katika mto Saleph tarehe 10 Juni 1190. Vita ya mzee dhidi ya mrithi wa Friedrich, Heinrich wa Sita, haikumrudishia tawala alizopoteza.

Kilichopatanisha nyumba hizo mbili hatimaye ni ndoa ambayo hakuna mtawala aliyeipanga. Mwana wa duki, aliyeitwa Heinrich pia, na Agnes, binti wa Konrad ndugu yake Friedrich, waliozwa kwa siri na mama wa msichana katika ngome ya Stahleck, na kwa ndoa hiyo kijana akawa mrithi wa nchi ya Rhein. Kaisari mpya alighadhibika, kisha akakubali. Machi 1194 alimpokea mzee huko Tilleda. Mahali palibadilishwa kwa sababu Heinrich alikuwa ameanguka na farasi njiani.

Mwaka wake wa mwisho aliutumia Braunschweig. Alikuwa ameamuru tarikhi za kale zikusanywe, zinakiliwe na kusomwa mbele yake, na mara nyingi alikesha usiku kucha akisikiliza. Alifariki tarehe 6 Agosti 1195 na kuzikwa kando ya Matilda katika kanisa la Mtakatifu Blasius, hatua chache kutoka kwa simba wake. Wittelsbach walioirithi Bavaria waliitawala hadi 1918.